Jinsi ya kupanda mti kwa esteti Nairobi na usikufe ikifika Januari

Nairobi hatuna shida ya kupanda miti. Mvua ikianza tu utaona makanisa, mashule, mabenki, waheshimiwa, kila mtu ako na fulana mpya na jembe moja limeshikwa na watu sita ndio wapigwe picha, na serikali yenyewe imetupea holidei za hiyo kazi, ya 13 Novemba 2023 halafu ya 10 Mei 2024 ambayo pia ilikuwa ya kukumbuka waliokufa kwa mafuriko, juu mpango ni miti bilioni 15 ikifika 2032. Sawa kabisa. Sasa pita hapo hapo Februari uangalie. Utapata kijiti kimekauka hapa, kingine kimeliwa na mbuzi, kingine kijana wa kukata nyasi amekipitia na slasha bila kujua kama kilikuwa mti. Kazi yenye imetushinda ni ya kutunza, na haya maelezo ni ya mtu anaishi kwa ploti ama kort ama esteti, ako na nafasi kidogo, na anataka mti ufike kiwango cha kukaa chini yake.

Kabla hujaenda kununua miche

Anza na kuhesabu miti yenye iko tayari. Najua hii inaonekana kama kukwepa kazi lakini mti mmoja mkubwa wa miaka 30 unafanya kazi yenye miche yako mia haitafanya leo wala miaka kumi ijayo, juu kazi yote ya mti inafanywa na majani na mizizi, na mche hauna majani wala mizizi ya maana. Mti mkubwa unavuta maji chini na kuyatoa kama mvuke kwa majani, na huo mvuke ndio unaondoa joto hewani, so chini ya mukinduri mkubwa (ule mti wa kroton) kuna baridi kuliko chini ya bati hata kama vyote viwili ni kivuli. Mvua ikipiga, majani yanaipunguza kasi, na mizizi inaacha njia kwenye udongo maji yaingie badala ya kukimbilia mtaro wenye ushajaa chupa. Mwenye alikuwa Mathare ama Mukuru Aprili 2024 anajua maana ya maji yote kufika mtoni saa moja.

Watu wanakumbuka ile mugumo (mti mkubwa wa jamii ya mkuyu) ya Waiyaki Way yenye ilikuwa ikatwe wakati wa kujenga barabara ya juu, watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 ikatoka amri iachwe. Si kila mti utapata bahati ya kelele kama hiyo. Kama esteti yenu inaleta kontrakta wa kabro (zile tofali za kufunika ardhi), ukuta ama pakingi, siku ya kuongea ni kabla mchoro haujapitishwa, juu mashine ikishafika mtu wa pawa soo analipwa kwa siku na hataki hadithi.

Na tusidanganyane kuhusu vumbi na moshi. Majani yanashika vumbi kweli, angalia miti ya kando ya Mombasa Road venye imekuwa rangi ya udongo mpaka mvua iioshe, lakini mti haumalizi moshi wa matatu, na barabara ikiwa nyembamba halafu matawi yamefunika juu kabisa, ule moshi unaweza kukwama hapo chini kwa watu. Kati ya barabara na nyumba panda ua mzito wa kichaka unaofika kichwa cha mtu ama zaidi, na miti mirefu iachiane nafasi.

Upande gani wa nyumba

Hii watu wengi hawafikirii. Sisi tuko karibu sana na ikweta, jua la saa sita liko juu ya kichwa na paa ndilo linalipokea, hakuna mti wa kawaida utakusaidia hapo. Jua lenye linapika nyumba ni la kuanzia saa tisa mchana, linakuja limelala kutoka magharibi linapiga ukuta na madirisha, na ukuta wa mawe unashika hiyo joto unaitoa usiku ukijaribu kulala. So ukiwa na nafasi ya mti mmoja tu, weka magharibi mwa nyumba. Wa pili uweke mashariki. Kaskazini na kusini ni pambo, panda maua yako huko.

Aprili ama Novemba?

Nairobi tuna mvua mbili, ndefu ya Machi mwishoni mpaka Mei, na fupi ya Oktoba mpaka Disemba. Watu wengi wanapanda Novemba juu ndio wakati kampuni ziko na bajeti ya kumalizia mwaka, na miti mingi inakufa kwa sababu hiyo tu. Mche wa Novemba unapata wiki chache za mvua halafu unaingia Januari na Februari, jua kali, upepo mkavu, na watu wamesafiri krismasi hakuna mtu wa kumwaga maji. Mche wa Aprili unapata mvua, halafu Juni na Julai kunakuwa na ile baridi na mawingu yenye sisi tunalalamikia lakini mti unaipenda, juu maji hayakauki haraka na mizizi inapata miezi ya kushuka chini kabla ya kiangazi. Novemba 2023 miche iliponea juu ile ilikuwa mvua ya El Nino, haikuwa mvua ya kawaida.

So, Aprili. Usipande mvua ya kwanza ikinyesha, ngoja mpaka udongo ulowe kina cha kiganja chote. Kama lazima iwe Novemba, basi kabla ya kununua chochote tafuta mtu mwenye atakuwa mtaani Januari.

Udongo wa kwako ni gani

Nairobi ni miji miwili. Kuanzia Westlands, Kileleshwa, Karen, Ruaka kwenda Kiambu, udongo ni mwekundu, wa kina, unapitisha maji, karibu kila mti unashika. Ukishuka Embakasi, Donholm, Imara Daima, Syokimau mpaka Kitengela, hapo ni udongo mweusi, ile bleki kotoni, yenye ikipata maji inavimba na kushika viatu na ikikauka inapasuka mpaka mkono unaingia kwa ufa. Hizo nyufa zinakata mizizi midogo. Na mvua ikiwa nyingi, shimo lako linageuka beseni, maji hayaendi popote, mche unaoza ukiwa na afya nzuri.

Kwa udongo mweusi usichimbe shimo la kina na kulijaza udongo mwekundu wa kununua kwa lori, hilo ni kosa la mafundi wengi, umetengeneza tu beseni zuri zaidi. Chimba pana, kama mita moja kwenda upande, lakini usiende chini sana, changanya udongo ule ule mweusi na samadi iliyooza kabisa, halafu rudisha ukitengeneza kilima kidogo na mche ukae juu ya kilima, kama futi moja juu ya ardhi. Hapo mvua ikijaa mizizi ya juu inapumua. Halafu matandazo mazito, yaani majani ama nyasi kavu za kufunika udongo, hiyo nitarudia.

Mti gani

Hapa kila mtu ako na maoni na yangu ni haya. Wauza miche wa kando ya Ngong Road na Lang'ata Road na Kiambu Road wanajua kazi yao, lakini wanauza kile kinatoka haraka. Ukiwauliza mti wa kivuli watakuonyesha ule mti wa matawi ya ngazi ngazi kama miavuli, ule umejaa kwa kila kort mpya, unatoka Madagaska, na sio mbaya, ni vile tu mji mzima ukiwa na mti wa aina moja, ugonjwa mmoja unamaliza mtaa. Jakaranda nayo ni ya Marekani Kusini, inapendeza Oktoba, lakini matawi yake yanavunjika na upepo na maua yanafanya sakafu iteleze, so usiiweke juu ya ngazi ama pakingi. Mukima (grevilia) unatoka Australia, unakua haraka, unapenda kuangusha matawi ukizeeka. Palmu za mapambo hazina kivuli cha kuongelea, unalipa pesa mingi kwa nguzo yenye nywele juu.

Kwa nafasi kubwa, kama uwanja wa esteti ama shule, mukinduri ndio mti wangu. Ni wa hapa hapa, ukiingia msitu wa Karura utauona kila mahali, unavumilia ukame na ndege wanaupenda. Muringa ni mzuri, maua meupe, nyuki wanakuja. Murarachi ukitaka maua ya waridi na una subira. Muiri (prunus) na mutamaiyu (mzeituni wa porini) ni miti ya subira zaidi, mutamaiyu hasa utaupanda ukijua mwenye atakaa chini yake ni mtoto wa mtoto wako, lakini panda angalau mmoja. Muthiga (warburgia) ni mzuri sana na unabaki na majani mwaka mzima, tatizo ni watu wanajua ni dawa, wanatoa maganda kuzunguka shina lote na mti unakufa umesimama, so uweke mahali unaonekana na mlinzi.

Kwa udongo mweusi wenye unasimama maji, murera. Ile akasia ya shina la manjano. Inapenda maji, inapenda tope, inakua haraka, lakini iko na miiba mikubwa na ikishakuwa kubwa inaleta wageni, uliza watu wa Nyayo Stadium kuhusu wale korongo wa marabu wenye wanalala juu na kunyea magari. Usiiweke juu ya pakingi.

Kort nyembamba ama chini ya waya wa stima, usiweke mti wa mita ishirini halafu ukuje kulia Kenya Power wamekata kichwa. Weka mpera, ndimu, mlokwati, ama ile ya brashi nyekundu. Parachichi inakuwa kubwa kuliko watu wanadhani, na matunda yakianguka juu ya gari ya jirani hamtaongea tena.

Vitu vya kukataa: mkaratusi karibu na nyumba, mto ama kisima, unakunywa maji sana na hautaki majirani. Mugumo ndani ya mita kumi za ukuta, septiki ama bomba la maji taka, mizizi yake inafuata maji na itaingia. Oleanda mahali watoto wanacheza, juu kila sehemu yake ni sumu, majani, maua, hata kijiti, na cha kushangaza ndio maua ya kwanza kwa kila kort mpya. Na kama unataka ua badala ya ukuta, kayaba bado inashinda kila kitu, miiba yake hata mwizi anaiheshimu, na matunda yanaliwa.

Kuchagua mche wenyewe: usichukue ule mrefu kuliko wote. Mche mrefu mwembamba ndani ya kifuko kidogo umekaa nasari sana na mizizi imejizungusha ndani. Inua kifuko uangalie chini, kama mizizi imetoka na kushika ardhi, rudisha. Chukua wa futi moja hadi mbili, shina nene kiasi, majani ya rangi nzuri mpaka chini.

Shimo na kupanda

Udongo mwekundu, chimba futi mbili kwenda kila upande na futi mbili kwenda chini. Udongo wa juu wenye ni mweusi kidogo weka upande mmoja, wa chini weka upande mwingine, juu ule wa juu ndio una rutuba na ndio utarudi karibu na mizizi. Kama hapo palijengwa utakutana na mawe, simiti, vipande vya vigae na gunia, toa yote, watu wa mjengo wanazika kila kitu. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi ya zamani. Ikiwa bado inanuka ama ina joto, itachoma mizizi.

Mwagilia mche ukiwa bado ndani ya kifuko. Halafu kata kifuko kwa wembe, utoe chote. Nasema chote juu kuna watu wanapanda na kifuko wakidhani kitaoza, hakiozi, mche unaishi miaka miwili ukiwa jela halafu unaanguka na upepo mdogo na ukiuvuta unatoka na karatasi yake nyeusi ikiwa mzima. Mizizi yenye imejizungusha ifungue na vidole ama ukate kidogo pembeni.

Weka mche ili mahali shina linakutana na mizizi pawe sawa na ardhi, usizike shina. Rudisha udongo, kanyaga polepole na mguu usiruke juu yake, halafu mwaga maji mtungi mzima wa lita 20 hata kama mvua inanyesha, juu hayo maji yanafunga nafasi za hewa karibu na mizizi. Kama kuna upepo funga kijiti kimoja na kitambaa laini, uache nafasi mti ucheze kidogo, juu mti wenye unachezacheza unakaza shina. Baada ya mwaka toa kijiti na kitambaa. Hiyo waya yenye watu wanafungia miti na kusahau inaingia ndani ya shina na kulikata.

Matandazo sasa. Majani makavu, nyasi zilizokatwa, maganda, chochote, unene wa kiganja, upana wa mita moja kuzunguka, lakini uache nafasi ya ngumi kati ya matandazo na shina. Ukiyarundika yakigusa shina, shina linaoza na mchwa wanapata mlango. Matandazo yanafanya kazi tatu mara moja: maji hayakauki haraka, nyasi ya kikuyu haimei hapo, na yule kijana wa slasha hana sababu ya kukaribia. Hiyo nyasi ya kikuyu ni adui mkubwa wa mche, inakunywa maji yote ya juu kabla hayajashuka.

Mbuzi na ng'ombe: ukame ukija ng'ombe wanaingia mpaka mjini na hawaulizi. Zungushia fito nne na waya wa kuku, ama matawi ya miiba.

Maji ya kiangazi

Hapa ndipo mti unapona ama unakufa. Mche wa mwaka wa kwanza unataka mtungi mmoja wa lita 20 kwa wiki wakati wa jua, kwa mara moja ama mbili. Usimwage kikombe kila siku, maji kidogo kila siku yanalowesha juu tu na mizizi inabaki juu kungojea, maji mengi kwa nafasi yanashuka chini na mizizi inayafuata. Mwaga jioni. Mwaka wa pili mara moja kwa wiki mbili inatosha, wa tatu miti mingi ya hapa inajitegemea.

Najua maji ni ya mgao. Mtaa wenye unapata maji siku mbili kwa wiki hauwezi kuambiwa umwage bomba kwa mti. Tumia maji ya kusuuza nguo na ya kuosha mboga, hayo ni sawa kabisa, lakini maji ya Jik na ya kuosha choo usiweke. Chupa ya soda ya lita mbili, toboa kifuniko tundu dogo na msumari, kata chini, izike kichwa chini kama kiganja kutoka kwa shina, ukiijaza inadondosha polepole huko huko mizizini bila jua kuiba.

Na weka jina la mtu kwa kila mti. Kwa grupu ya WhatsApp ya kort andika nyumba namba fulani mti fulani. Mti wenye ni wa kila mtu, kila mtu anangoja mwingine ndio aumwagie maji. Watoto ndio bora, mpe mtoto wa darasa la nne mti wake na hatausahau, na atakusumbua wewe pia.

Vile tunaua miti mikubwa bila kujua

Kabro ni namba moja. Mizizi mingi ya mti haiko chini sana vile watu wanadhani, iko ndani ya futi mbili za juu na inaenda mbali kuliko matawi yenyewe. Kontrakta akichimba, akashindilia na mashine na kufunga kabro mpaka kwenye shina, mizizi inakosa hewa na maji, na mti haufi siku hiyo, unakufa polepole, miaka mitatu minne, juu inakauka kwanza, halafu watu wanasema ulikuwa mzee. Acha mraba wa udongo wazi angalau mita moja na nusu kila upande, mbili ni bora, weka mawe madogo ama matandazo. Na mchanga na kokoto za ujenzi zisimwagwe chini ya mti, wala simiti kuchanganyiwa hapo.

Slasha na mashine ya nyasi zinakwangua maganda chini ya shina. Maganda yakitoka kuzunguka shina lote, mti umeisha, juu chakula kinapita hapo kwa maganda. Misumari ya mabango nayo, mganga kutoka Tanga, nyumba ya kupanga, masomo ya kompyuta, kila msumari ni mlango wa kuvu. Toa ukiweza, usiongeze wako.

Kuchoma majani chini ya mti kunaua mizizi ya juu na kunajaza moshi kwa nyumba za watu wenye watoto wa kifua. Majani ni mali. Tengeneza rundo pembeni, weka majani, maganda ya mboga, nyasi, tena majani, mwagia maji kidogo, geuza kila wiki mbili na baada ya miezi michache una mboji ya bure. Majani ya mkaratusi na mukima yanachelewa kuoza, hayo tumia kwa matandazo ya njia.

Kupunguza matawi

Kuna tabia Nairobi ya kukata mti kichwa chote ubaki nguzo, ati ndio ukue vizuri. Haukui vizuri. Mti umepoteza majani yote so unatoa vichipukizi mia kwa haraka, vyote vimeshikilia ganda tu, na miaka michache baadaye vikishakuwa matawi mazito hayo ndiyo yanaangukia gari Aprili mvua ya upepo ikija. Yaani umelipa mtu atengeneze hatari.

Kupunguza kwa haki ni hivi: toa yaliyokauka, yaliyovunjika, yanayosuguana, na yale ya chini yanayogonga watu vichwa. Usitoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka mmoja. Tawi kubwa linakatwa mara tatu: kwanza unakata kidogo kutoka chini, futi moja mbali na shina, halafu unakata kutoka juu mbele kidogo ya hapo tawi liangushwe bila kuchuna maganda ya shina, halafu unamalizia kile kipande kilichobaki karibu na shina, ukiacha ule uvimbe wa shingo ya tawi. Uvimbe huo ndio unafunga kidonda. Usipake rangi wala lami, mti unajifunga wenyewe.

Tawi likiwa limegusa waya, usipande na panga hata kama kijana anasema amezoea. Piga simu Kenya Power waje wazime na wakate.

Mti wa kuogopa kweli una dalili: uyoga unaota kwenye shina chini, ufa mrefu mpya, udongo umeinuka upande mmoja, mti umeanza kuegemea juzi na sio tangu zamani, ama juu imekauka yote. Ukiona moja ya hizo chini ya mahali watu wanapita, funga hiyo nafasi kwanza na kamba na uite mtu anayejua. Mti kuegemea tangu ulipokuwa mdogo sio ugonjwa.

Kando ya mto

Kama esteti yenu inapakana na mto, hapo usipande chochote cha kuvunwa na usijenge. Mkuyu, murera na mianzi zinashika kingo vizuri, na nyasi ndefu katikati zisikatwe mpaka chini. Mtu akitaka kuona kingo zenye zimerudishwa, aende Michuki Park pale karibu na Ngara, wenye walipita hapo zamani wanajua palikuwa jaa la takataka na gereji.

Uwanja wa esteti ni wa nani

Hii ndio inafaa iulizwe kabla ya shimo la kwanza lakini watu wanaiuliza wakishaona mabati yamezungushwa usiku. Nafasi nyingi za wazi za esteti za zamani zilichukuliwa juu hakuna mtu alijua zimeandikwaje. Mji huu una Uhuru Park leo kwa sababu Wangari Maathai alisimama 1989 kukataa jengo la ghorofa 60 hapo, na Karura, zaidi ya hekta 1,000 katikati ya mji, iliponea kwa sababu yeye na wenzake walikubali kupigwa huko Januari 1999. Esteti yenu haihitaji kupigwa, inahitaji karatasi. Tafuteni ramani ya esteti, muone hiyo nafasi ina namba gani, mfanye sachi kwa Ardhisasa (mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi) ama ofisi ya ardhi. Ikiwa ni ya umma, chama cha wakaazi kiandike barua kwa kaunti kuomba kuitunza, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwenu. Ikiwa ni kando ya barabara kubwa, mwenye hapo ni KURA ama KeNHA, zile mamlaka za barabara za mjini na za kitaifa, na mkipanda bila kuuliza siku ya kupanua barabara miti yenu itaondoka na hamtakuwa na la kusema.

Halafu tumieni hiyo nafasi. Benchi mbili, njia ya kupita, watoto wacheze, mama mboga apewe kona yake. Msijaze miti kila mahali, uwanja wa mpira ubaki uwanja, miti ikae pembeni upande wa magharibi ndio mechi ya jioni iwe na kivuli.

Na kwa kukata, hata mti wa ndani ya ploti yako, pitia kaunti ofisi ya mazingira upate kibali cha maandishi kwanza. Watu wakija na pawa soo asubuhi wakisema wametumwa, mlinzi aombe hicho kibali na apige picha ya karatasi, ya mti na ya namba ya lori kabla ya geti kufunguliwa, na kama hawana karatasi geti haifunguliwi, warudi nayo.